Sekunde Tano

Jumapili, misa ya pili ikishatoka,
Cirhuza kinyozi hufunga mkasi, hufungua televisheni,
na viti vinne vya kunyolea huwatosha watu kumi na tisa.
Mimi nipo nje, mlangoni,
bidoni saba za njano, faneli moja, chupa moja ya kupimia.
Wananiita Kadafi, kama wanavyowaita Kadutu nzima
wote wauzao esansi kando ya njia.
Nasikiliza kwa sikio moja.
Jingine nimeliachia barabara.

Ndani kuna wekundu, kuna wa chungwa.
Murhula ni mwekundu:
timu aliirithi kwa baba, kama lile shamba la migomba la Walungu;
miaka mingi halijazaa, na bado analipalilia.
Ntakwinja, fundi wa pikipiki, ni wa chungwa,
alihamia mwaka juzi, walipoanza kushinda.
"Kinyonga!"
"Bora kinyonga, kuliko jiwe
linaloupenda mto usiolijua jina."

Leo jekundu limetangulia.
Imebaki mizunguko mitatu, Murhula amepanda juu ya kiti,
kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa.
Kisha maandishi madogo, chini ya kioo:
adhabu, sekunde tano,
kwa kuvuka mstari mweupe kwenye kona ya tisa.

Ee mama yangu.

"Mstari! Rangi tu ile, si ukuta!"
"Kanuni inasema magurudumu yote manne."
"Nani alihesabu? Nani alishika rula?"
"Ingekuwa chungwa, wangefumba macho."
"Sisi tulisukumwa!"
"Mlisukumwa na nani, na upepo?"
Baderha, mwalimu asiyelipwa tangu Pasaka,
akainua chaki isiyokuwepo, akaandika hewani:

*Mstari ni wa chokaa, aliyeuchora nani?*
*Leo wanaukataa, kesho watauthamini.*

Wakacheka wote,
kila upande ukidhani unachekwa ule mwingine.

Hapo ndipo barabarani filimbi ikalia.
Askari wa rulaji amemshika motari, kijana,
abiria wake keshashuka, keshapotea na nauli.
"Umevuka mstari."
"Mstari upi, shefu?"
"Uliokuwepo."
Kijana akatazama lami, mashimo, vumbi, maganda ya muhindi.
Akatoa franga elfu tano.
Risiti haikutajwa, kama jina la marehemu usiku.

Askari akakunja noti, akaja mlangoni kwangu,
akachungulia ndani:
"Nani anaongoza?"
Wakamweleza. Akavua kofia.
"Sekunde tano? Kwa mstari? Huo ni wizi mtupu!"
Murhula akashuka kitini, akamkumbatia,
nywele zake zikabaki kwenye sare.

Kijana alikuwa bado kando yangu, akihesabu kilichosalia.
Akaniuliza kwa sauti ndogo:
"Mama, na hao wa kule,
wao hupewa risiti?"

Sikuwa na jibu. Na umeme ukakatika.

Mzunguko mmoja ulikuwa umebaki.
Sineli wakalaaniwa hadi kizazi cha saba,
wekundu na chungwa kwa mdomo mmoja, na askari akiongoza.
Kisha macho yote yakageuka kwangu,
maana jenereta ya Cirhuza ilikuwa kavu
na mwamuzi sasa ni mimi.

Basi niiseme chupa yangu.
Lita moja, naapa kila siku.
Lakini chini ina tumbo lililoingia ndani,
niliibonyeza mwenyewe, juu ya moto wa makaa,
mwaka ule watoto walipofukuzwa shule kwa karo.
Kidole kimoja cha mafuta, si zaidi.
Hakuna aliyewahi kuinua bango.

Nilimpimia kijana kwanza, wao wakinipigia kelele.
Nilijaza hadi mdomoni, nikaongeza kidogo,
kikamwagika kidogo.
"Haraka, Kadafi! Wanamaliza!"
"Foleni," nikasema. "Kuna kanuni."